Hapo Penye Maua ya Bluu

Nikolausi fundi alikuwa amesimama katikati ya maua. Si pembeni, si karibu, bali katikati kabisa, na mabuti yake ya mpira yenye simenti ya nyumba za watu, akigongelea kigingi kwa jiwe. Severina alimwona tangu akiwa njiani, ndoo ya unga kichwani, akitokea mashineni. Alifikiri macho yanamdanganya. Alipofika uani akaona na kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na majivu yamemwagwa mstari juu ya majani kuonyesha pa kuchimba.

"Wewe Nikolausi, toka hapo!" Hakuanza na salamu.

"Ah, shemeji, karibu. Habari za mashine?"

"Nimesema toka! Huoni unakanyaga nini?"

Nikolausi akatazama chini. Akainua mguu mmoja, akaukagua unyayo, kisha akaurudisha pale pale. "Ni maua," akasema, kama anayempasha habari. "Usijali, shemeji. Shimo likishakuwa la urefu wa watu wawili hutayaona tena."

"Shimo la nini?"

"Kwani Vitalis hajakwambia? La choo. Choo cha kisasa, cha kuvuta maji. Bwana Patriki ameshatuma simenti."

Severina akatua ndoo chini. Hapo upande wa juu wa uwanja wa nyumba, kando ya ukuta wa mawe unaozuia udongo wa mteremko, maua yake yalikuwa yamechanua yote kwa sababu ya baridi ya Juni. Ni maua mafupi, hayapandi zaidi ya vidole vinne kutoka ardhini. Yanatambaa na kushikana kama mkeka, na rangi yake ni bluu iliyokolea, bluu ya wino wa kalamu. Pale Nangwa nzima hakuna mwingine mwenye maua hayo. Yanaota juu kabisa mlimani Hanang, kule ambako hata nyasi zinaona taabu.

Na chini ya maua yale alilala mwanawe. Ndivyo Severina alivyoambiwa, na ndivyo alivyoishi miaka sita.

Mtoto alizaliwa amekufa. Kwa Wairaqw jambo hilo lina utaratibu wake wa zamani, wanauita metimani: nyumba inatengwa. Majirani hawaingii, moto hauombwi, mbuzi wako hawachanganywi na wa wenzio. Mume anakaa mbali na mkewe, na habari za mtoto hazizungumzwi, wala siku zile wala baadaye, utadhani mwanamke alikuwa na mafua tu. Padri amehubiri sana dhidi ya mambo hayo. Watu waliitikia amina, wakatoka kanisani, wakapita njia ya mbali kuikwepa nyumba ya Severina. Alipokuwa amelala ndani, maziwa yakimwagika bila mnyonyaji, akawa analia na kuuliza mtoto amewekwa wapi. Kula hali, kulala halali. Mpaka siku moja Kornelia, mama mkwe wake, akasimama mlangoni akasema, "Yuko hapo juu ukutani, penye udongo laini. Sasa nyamaza."

Akanyamaza.

Kaburi hakuruhusiwa kuweka. Msalaba ndiyo kabisa. Lakini kaka yake, Yona, ni mbeba mizigo wa watalii wanaopanda mlima, naye alimletea kishina kimoja cha ua hilo kwenye kopo, kwa kumfurahisha tu dada yake. Kishina cha kwanza kilioza. Cha pili kikakauka kwa jua la mchana. Severina akamsumbua Yona alete cha tatu, naye akaanza kufikiri kama ua linavyofikiri: kule juu kuna baridi, kuna mawe, na maji hayatuami. Akachota changarawe mtoni akaitandika chini, akazungushia mawe yanayoshika ubaridi wa usiku, na upande wa magharibi akasimamisha mabua ya mahindi kukinga jua la saa tisa. Maji aliyamwagia asubuhi tu, kidogo, kwa kikombe. Mvua zikiisha aligawa vishina na kuvisogeza kwa vidole. Watu walimcheka. Wengine walimuuliza kama yanaliwa. Wanawake wa rika lake wanaitwa mama fulani na mama fulani, yeye hadi leo anaitwa mke wa Vitalis, na nyuma ya mgongo wake, bibi maua. Yote hayo aliyameza. Sasa wanataka kumchimbia mwanawe choo.

---

Vitalis alikuwa zizini, anajifanya anatengeneza fito ambayo haikuwa na kasoro. Mwanamume huyu hakuwa mbaya. Hakuwahi kumpiga mkewe, hanywi kupita kiasi, na ng'ombe wake anawajua mmoja mmoja kwa tabia. Ila mbele ya Patriki, kaka yake mkubwa, anakuwa kama kijana wa kutumwa dukani.

"Vitalis, umekubali choo kichimbwe pale?"

"Pale wapi?"

"Usiniulize pale wapi. Unajua."

Akaweka fito chini. "Sasa kichimbwe wapi, Severina? Nikolausi amepima kote. Huku chini ni mwamba mtupu, sururu inaruka. Kule ni zizi. Huku ndiko maji ya mvua yanakopita. Pale ndipo penye udongo."

"Kile cha zamani kina nini?"

"Kaka anakuja na wageni. Kipaimara cha binti yake kinafanyika hapa, nyumbani kwao kwa asili, ni heshima kwetu. Watu watatoka Arusha. Utawapeleka kwenye kile chenye magunia?"

"Wapelekeni popote. Pale hapana."

"Kwa nini?"

Tangu siku ile, ndani ya nyumba ile, hakuna aliyewahi kutamka neno mtoto akimaanisha yule. Vitalis hakuuliza, Severina hakusema. Na sasa akilisema, na ukweli kwamba mtoto wa namna hiyo yuko uani ukavuma kijijini, nani atakuja kula kipaimara? Watamtenga tena. Patriki atasema shemeji amemharibia. Aliyaona hayo yote kwa mara moja, akachukia kwamba ameyaona.

"Kwa sababu kuna maua yangu," akasema.

Vitalis akapumua, kama mtu aliyekuwa anaogopa kitu kikubwa kikatokea kidogo. "Maua tu? Mungu wangu, Severina. Si utayahamisha!" Na simu ikaanza kulia mfukoni mwake. Ilikuwa Patriki. Vitalis akaiweka spika, kosa ambalo hakulifikiria, na Nikolausi akasogea kusikiliza.

"Vipi, mmeanza?"

"Bado, kaka. Kuna kajambo kadogo. Shemeji yako anasema pale kuna maua yake."

Kicheko kikajaa zizini. "Maua? Shemeji! Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, shemeji," akasema Severina kwa meno yaliyobana.

"Marahaba. Sikiliza, mama. Nakuja na bosi wangu na mke wake. Unataka mke wa bosi akachuchumae kwenye magunia, nzi wanamwimbia? Mimi nitakuletea maua ya plastiki kutoka Arusha. Mazuri, tena hayataki hata maji. Utayapanga ukutani mpaka uchoke."

Nikolausi akacheka. Na Vitalis, mumewe, mwanamume aliyekula chakula cha mikono yake asubuhi ile, akatabasamu. Severina aliliona lile tabasamu. Lilikuwa dogo, la kumridhisha kaka tu, lakini alijua hatalisahau.

"Kesho asubuhi mapema waanze," Patriki akamalizia. "Nisije nikakuta vigingi."

---

Kornelia alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Severina aliingia akasalimia, kwa sababu hata nyumba ikiungua mkwe anaamkiwa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unga umeletwa?"

"Mama, waambie waache."

"Waache nini?"

"Unajua nini. Wanataka kuchimba choo pale ukutani. Mimi siwezi kumwambia Vitalis, lakini wewe ni mama yake. Sema tu pale hapafai, watakusikia. Huhitaji kutoa sababu."

Mkono wa Kornelia ukasimama juu ya maharage, halafu ukaendelea, jiwe huku, ganda kule. "Mimi ni fundi? Nijue wapi panafaa na wapi hapafai?"

"Mama, wewe ndiye uliyemweka."

"Punguza sauti."

"Nimepunguza miaka sita!"

"Acha wachimbe, Severina." Hakumtazama. "Acha wachimbe tu, hakuna kitakachotokea. Maua yako yapeleke nyuma ya zizi, kule kuna mbolea nzuri."

Severina alisimama akimwangalia mwanamke yule mzee, mgongo wake umepinda juu ya ungo, kitambaa cheupe cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kichwani. Huyu ndiye anayeongoza rozari kila Alhamisi. Huyu ndiye anayewalilia watoto wa watu misibani mpaka anashikiliwa.

"Choo, mama," akasema polepole. "Unaelewa ni choo? Watu watoke Arusha na viatu vyao, washibe nyama, waje wamnyee mjukuu wako."

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika hadi kwenye majivu. "Funga mdomo wako! Ndani ya nyumba yangu husemi maneno hayo!"

"Basi wewe sema. Ukisema wewe, mimi nitanyamaza."

Kornelia akainama, akaanza kuokota maharage moja moja. Severina akamwacha pale chini, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuinama kumsaidia.

---

Asubuhi Nikolausi alikuja na vibarua wawili, sururu mabegani, wakamkuta Severina amekaa juu ya maua. Amekaa hasa, miguu ameinyoosha, khanga ameikaza kiunoni, umande umemlowesha nguo. Walitazamana. Kibarua mmoja akacheka kwa pua.

"Shemeji, tuna kazi," Nikolausi akasema. "Mimi nalipwa kwa siku."

"Fanya. Anzia miguuni kwangu."

Wakaenda kumwita Vitalis. Alikuja haraka, bado anafunga vifungo vya shati, na nyuma yake, mlangoni, akatokeza Kornelia na kikombe chake cha chai. Vitalis aliinama akamshika mkewe mkono kwa upole wa kuonyesha watu. "Inuka. Unaniaibisha."

"Niachie."

"Severina, hawa ni watu wazima. Kwa ajili ya maua? Watasema umechanganyikiwa."

"Mwanangu yuko hapa."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na yeye mwenyewe akashangaa lilivyokuwa jepesi. Vitalis aliachia mkono wake. Severina akaona hawajasikia vizuri, au wamesikia hawataki, akapandisha sauti ifike hadi barabarani. "Mtoto wangu niliyemzaa amekufa yuko hapa chini! Mnataka kumchimbia choo! Mmesikia sasa? Au niwapigie na simu spika?"

Mngeona jinsi wanaume wazima wanavyoweza kurudi nyuma. Vibarua waliruka kamba kama imeshika moto. Mmoja akawa anajifuta viatu kwenye nyasi, huku na huku, huku na huku. Nikolausi, yule aliyekuwa amesimama katikati ya maua jana na kucheka zizini, alikuwa ameshika sururu yake mbali na mwili.

"Vitalis," akasema, "ungeniambia. Mimi nina watoto wadogo nyumbani."

"Sikujua!"

"Mimi nina watoto wadogo," akarudia, na akaondoka. Alisahau na koti lake kwenye mti. Vibarua walimtangulia.

Vitalis akachuchumaa. Uso wake ulikuwa umepauka kwa namna ambayo Severina hakuwahi kuiona. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

"Nilikatazwa nisiulize. Mama alisema ni mambo ya wanawake, nikae kwa baba mdogo mpaka yaishe."

"Na ukakaa. Yakaisha?" Sasa hasira ilikuwa imemfika, ile yote, na hakutaka kuizuia. "Ng'ombe wako akitupa ndama unakwenda kumtazama, Vitalis. Unamshika, unamgeuza, unauliza ilikuwaje. Ndama! Kwa mwanao ulikatazwa! Wewe ulikuwa na miaka mingapi, kumi? Ulifungwa kamba?"

Vitalis alivua kofia yake, akaichomeka mfukoni, akaanza kung'oa vigingi. Alivitupa vyote nje ya ukuta, na kamba akaikata kwa kisu. Kisha akachukua jembe.

"Inuka," akasema, na mara hii haikuwa kwa ajili ya watu. "Nitamtoa mimi mwenyewe, taratibu. Nitakwenda kwa katekista, tumpeleke makaburini azikwe kama watu. Choo kaka atachimba kwake."

Severina alimtazama kuona kama kuna tabasamu la jana lililobaki. Hakuliona. Akainuka. Wakapiga magoti wawili wao, wakaanza kuinua maua, yeye akikata mkeka ule vipande kwa panga, Vitalis akivipokea na udongo wake na kuvipanga kwenye karai. Vilipoisha wakatoa changarawe kwa mikono. Vitalis akalichomeka jembe kwenye udongo, polepole sana.

"Vitalis, acha."

Kornelia alikuwa ameshuka kutoka mlangoni. Kikombe bado kiko mkononi.

"Mama, rudi ndani," Vitalis akasema.

"Acha kuchimba. Utachimba mpaka jioni." Mzee yule alilamba midomo. "Hapo hakuna kitu."

Severina alisikia maneno lakini hayakuingia. "Hakuna kitu maana yake nini? Ameoza?"

"Hakuwahi kuwekwa hapo."

Jembe likabaki limesimama lenyewe kwenye udongo. Kornelia akaeleza haraka haraka, kama anayetema kitu kilichomchoma ulimi. Walikuwa yeye na mkunga Paskalina, ambaye sasa ni marehemu. Walimbeba asubuhi ile ile hadi korongoni, kule mwisho wa mashamba, njia ya kwenda Hirbadaw. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Mtoto wa namna ile haachwi ndani ya makazi ya watu. Mvua ingekataa, watu wangesema ni kwa sababu ya nyumba yao, na mwaka ule mvua ilikuwa mbaya tayari. "Ulikuwa huli," akasema. "Unalia usiku na mchana. Nilidhani tutakuzika na wewe. Ulikuwa unauliza wapi, wapi. Nikakuonyesha mahali. Ukanyamaza, ukala. Nikasema basi, Mungu amenisaidia."

"Miaka sita," Severina akasema.

"Ulipata nafuu. Niliona umepata nafuu."

"Miaka sita ulikaa pale mlangoni na chai yako, unanitazama nikimwagilia. Mimi naongea na udongo, wewe unapuliza chai!" Sauti yake ilipasuka. "Na ulinielekeza! Ukaniambia nisimwage maji mengi upande ule, yatateremka. Yatateremkia nini, mama? Kulikuwa na nani huko chini wa kulowa?"

"Severina..."

"Jana nimekusihi jikoni! Ukaniambia hakuna kitakachotokea. Nikadhani una roho ya jiwe. Kumbe ulikuwa unasema kweli, tena kwa starehe!"

Kornelia akaanza kulia, kilio kile kile cha misibani, cha kutaka kushikiliwa. Hakuna aliyemshika. Vitalis alikuwa amegeukia ukuta, mikono kichwani. Severina alisimama mbele ya kile kitalu kitupu, changarawe yake aliyoibeba kutoka mtoni imelundikana pembeni, mawe aliyoyachagua moja moja, mabua aliyoyabadilisha kila mwaka. Alikuwa amepalilia uongo kwa mikono yake. Alitamani kupiga mtu. Badala yake akafunga kata ya khanga, akainua karai la maua, akajitwisha kichwani.

"Twende," akamwambia Kornelia.

"Wapi?"

"Ukanionyeshe."

"Ni mbali, mwanangu. Miguu yangu siku hizi..."

"Miguu hiyo hiyo iliyompeleka." Akamgeukia Vitalis, ambaye alikuwa ameanza kuwafuata. "Wewe baki. Mpigie kaka yako, mwambie waje wachimbe. Sasa pako wazi."

---

Walikwenda Kornelia mbele, Severina nyuma, jembe mkononi na maua kichwani. Walipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, wakapita nyumba ya mwisho, mpaka pale ardhi inapokatika ghafla. Korongo lilikuwa limepanuka. Mvua za miaka hii zimeling'ata pande zote mbili, udongo mwekundu uko wazi, na chini kabisa ni mawe na matope makavu na chupa za plastiki. Kornelia alisimama ukingoni akihema. Alinyoosha mkono, akaushusha. Akasogea mbele kidogo, akanyoosha tena upande mwingine.

"Palikuwa na mti wa mrera," akasema. "Chini ya ule mti. Sasa siuoni."

"Tafuta."

"Labda ni pale penye ule mwamba. Au ulikuwa ng'ambo hii." Akajifuta macho kwa kitambaa. "Pameliwa, Severina. Pote pameliwa na maji. Sijui tena. Niamini, sijui."

Severina alimwamini, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Alitua karai. Aliutazama mteremko ule mzima, mpana, usio na alama, ambao kila msimu unateremka kuelekea bondeni na chochote kilichokuwa ndani yake. Kisha akachagua mahali penye mawe chini kidogo ya ukingo, pasipotuama maji, penye kivuli cha mchana. Palikuwa ni mahali pazuri kwa maua. Kama ni mahali pa mtoto hakuna atakayejua.

Akampa Kornelia jembe. "Chimba. Siyo kwenda chini sana, hayapendi."

Mzee akachimba. Severina alipiga magoti nyuma yake, akiweka vishina kimoja kimoja na kuvibana kwa mawe, na hakumpokea jembe hata alipoona amechoka. Upepo ulikuwa mkali, wa mlimani. Angalau maua yatapata baridi yake.

Njia ya kutoka mnadani inapita ukingoni mwa korongo lile. Wanawake watatu walikuwa wanarudi na mizigo yao, na wa mbele alikuwa Mectilda, katibu wa jumuiya, mwenye sauti inayosikika kilima cha pili. Walipoona watu kule chini wakasimama.

"Shikamoo, mama Kornelia!"

"Marahaba," akajibu Kornelia bila kuinua uso.

"Mnapanda nini huko kusikopandwa kitu?"

Kornelia aliegemea jembe. Severina aliona jinsi uso wake ulivyokuwa ukitafuta uongo, uongo mdogo tu, wa dawa, wa kuzuia mmomonyoko, na angeupata, maana ameuzoea. Akaacha kupanda. Akakaa wima kwa magoti yake, mikono imejaa udongo, akamkazia macho.

"Tunazika," Kornelia akasema hatimaye.

Kule juu mizigo ikashushwa chini. Mectilda akavua kilemba kichwani, kama inavyopasa. "Jamani! Poleni! Sisi hatukusikia. Nani amefariki?"

"Mjukuu wangu."

"Yesu na Maria! Mjukuu yupi? Wa Patriki? Amekufa lini?"

Upepo ukapita. Kornelia alimgeukia mkwewe, midomo inacheza, macho yanaomba asaidiwe, aokolewe, asemewe yeye. Wanawake watatu walisimama ukingoni wanasubiri.

"Jibu, mama," Severina akasema. "Umeulizwa."